Baridi ya Julai Nakuru: Kumpa Mbwa na Paka Joto, na Kufufua Vichezeo vya Zamani

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nakuru haina mzaha. Asubuhi ukungu umeufunika mlima Menengai, alasiri mvua inapiga mabati, na usiku joto linashuka hadi karibu nyuzi 10, pengine chini yake. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda Molo au Mau Narok mambo ni makali zaidi. Huko kuna usiku sakitu huunguza viazi shambani. Jamaa zetu wa Kisumu, kwenye mita 1,131 hivi kando ya ziwa, hushangaa tukiwaambia tumevaa makoti mchana.

Agosti shule zinafungwa. Watoto wako nyumbani, mvua imewazuia kutoka, mbwa anakwaruza mlango akitaka kuingia, paka amehamia jikoni. Hapo ndipo mtu hukumbuka lile katoni la vichezeo vyake vya utotoni lililobaki kwa nyanya.

Mwongozo huu ni wa nyumba kama hiyo. Vichezeo vyetu vya zamani vilikuwa vya waya, matambara, kamba na vifungo, na tulivichezea nje, uwanjani na barabarani. Leo vinafunguliwa sebuleni, mahali ambapo mtoto wa miaka miwili, mbwa na paka wamelala kwenye mkeka mmoja. Kwa hiyo mimi hushika kanuni moja: kila kichezeo kipimwe kwanza kwa mdomo wa mnyama, ndipo kiingie mkononi mwa mtoto. Na kabla ya katoni kufunguliwa, wanyama wawe wamepata joto na shibe. Mbwa mwenye baridi na asiye na la kufanya hutafuna chochote anachokuta.

Hatua ya 1: Rekebisha kibanda cha mbwa

Mbwa wetu wengi ni wa kienyeji, manyoya mafupi, na hulala nje kulinda boma. Baridi yenyewe wanaistahimili kiasi. Kinachowaumiza ni unyevu na upepo.

Anza na sakafu. Kibanda kilichokaa juu ya udongo hunyonya maji ya mvua, na mbwa hulala juu ya ubaridi usiku kucha. Kiinue kwa matofali, angalau unene wa tofali moja, hewa ipite chini. Kama sakafu ni simiti, weka mbao juu yake au paleti ya kubebea mizigo.

Kisha ingiza kichwa ndani saa kumi na mbili asubuhi, uangalie paa kwa chini. Pumzi ya mbwa ikigusa bati baridi hugeuka matone, na matone hayo humdondokea mgongoni. Wengi huona matandiko yamelowa wakadhani bati limetoboka, wakaenda kununua misumari ya paa. Dawa yake ni kupigilia vipande vya mbao au plaiwudi chini ya bati, ukiacha nafasi ndogo kati ya viwili hivyo. Ukikosa mbao, tandaza magunia makavu yaliyokunjwa mara mbili na uyabane kwa miti myembamba.

Mlango usielekee upande unaotoka upepo. Ning'iniza gunia lililokatwa vipande virefu ili mbwa apite bila kuacha mlango wazi. Kibanda kisiwe kikubwa mno: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Joto la kumfaa ni la mwili wake mwenyewe, na chumba kikubwa hulipoteza.

Matandiko bora ni nyasi kavu au maranda kutoka kwa seremala. Maranda, si vumbi la mbao, kwa sababu vumbi huingia machoni na puani. Muulize seremala kama mbao zimetiwa dawa. Maranda ya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yasikaribie mnyama. Blanketi kuukuu linafaa ndani ya nyumba, lakini nje huvuta maji na likilowa ni baya kuliko kulala bila kitu. Siku jua likitoka, hata kama ni saa moja tu, toa kila kitu kianikwe. Badilisha nyasi zikianza kunuka au kushikana.

Sweta za mbwa zinazouzwa mjini sina neno nazo kwa mbwa mzee, mgonjwa, au mtoto wa mbwa mwenye manyoya mafupi, mradi iwe kavu na isimbane kwapani. Kwa mbwa mwenye afya, pesa hizo ningezitia kwenye sakafu ya kibanda.

Hatua ya 2: Mtafutie paka mahali pake kabla hajajichagulia

Paka hufuata joto popote lilipo: kwenye jivu la jiko, juu ya friji, na hata chini ya boneti ya gari lililozimwa jioni. Kabla ya kuwasha gari asubuhi, gonga boneti mara mbili na usubiri kidogo. Waambie na majirani mnaoegesha pamoja.

Ndani ya nyumba, katoni moja inatosha. Toboa tundu la ukubwa wa paka ubavuni, funika juu, tandika sweta ya sufu isiyovaliwa tena, na uiweke juu ya kiti au kabati fupi, maana hewa ya sakafuni ndiyo baridi zaidi. Ukitaka kuongeza joto, jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ifunge kwa taulo, uiweke upande mmoja ili paka aweze kuikwepa akitaka.

Na hili lisisahaulike hata usiku mmoja: jiko la makaa lisilale ndani na mtu wala mnyama. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala pamoja na mbwa na paka wao. Pasha chumba joto mkiwa macho, dirisha likiwa wazi kiasi, kisha jiko litoke nje kabla ya kulala.

Hatua ya 3: Chakula, maji na dawa

Mbwa anayelala nje hutumia nguvu nyingi kujipasha joto, kwa hiyo mwongezee chakula kidogo miezi hii. Ugali wa moto kiasi uliochanganywa na omena iliyochemshwa bila chumvi ni mlo mzuri na wa bei nafuu. Mabaki ya mezani yenye kitunguu usimpe. Kitunguu, kibichi au kilichokaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka, na sisi hatupiki mchuzi bila kitunguu. Mchotee sehemu yake kabla ya kukaanga. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha. Itupe mahali asipofika. Maji ya baridi kali hawayapendi, basi badilisha asubuhi na jioni.

Mbwa mzee akianza kuchechemea kwa sababu ya baridi, watu huchukua dawa ya binadamu wakampa. Usifanye hivyo. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka, na ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Muone daktari wa mifugo. Eneo letu halina upungufu wa ujuzi huo: Egerton pale Njoro wanafundisha fani hiyo.

Matandiko yenye joto huleta viroboto. Sisi wa Nakuru tunaijua pareto, zao lililolimwa Molo, Elburgon na Mau Narok miaka mingi, na dawa nyingi za wadudu zina asili yake. Lakini ipo dawa ya maabara inayofanana nayo, na paka haiwezi. Ukienda agroveti kununua dawa ya viroboto ya mbwa, na lebo yake ikataja permethrin, isimguse paka kamwe. Mwili wake hauwezi kuivunja. Hutetemeka, hushikwa na kifafa, na anaweza kufa. Hata kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa dawa hiyo ikiwa bado mbichi ni hatari kwake. Mwambie muuzaji wazi: "Dada, nina mbwa na paka nyumba moja." Atakuchagulia nyingine.

Ukimkuta mtoto wa mbwa au paka amepoa, masikio baridi, amelegea, na hatetemeki tena, jua hali ni mbaya. Kutetemeka kunapokoma bila mwili kupata joto, nguvu zimeisha. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Mkaushe, mfunge blanketi, weka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo ubavuni, na umpeleke kwa daktari. Usimweke kando ya moto wala usimtumbukize kwenye maji ya moto.

Hatua ya 4: Fungua katoni nje, si sebuleni

Katoni iliyokaa darini au ghalani miaka kumi na tano imeshakuwa makao ya panya. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospirosi, ugonjwa unaowapata watu na mbwa vilevile. Chagua saa yenye jua, itoe uani, mbwa awe amefungwa, watoto wakae mbali kidogo. Vaa glavu. Usikung'ute vumbi wala usifagie pakiwa pakavu. Nyunyizia kwanza maji yenye jiki kidogo, subiri, kisha futa. Plastiki na bano zioshwe kwa sabuni. Vitu vya nguo vilivyotafunwa au vyenye madoa ya panya vichomwe, hata kama moyo unauma.

Sasa tenga. Fungu la kwanza ni la watoto wakubwa: bano, pia ya mti, gari la waya, manati. Manati, ushauri wangu, iende moja kwa moja mahali pa juu pa kufungwa, maana mtoto aliyezuiwa na mvua siku tatu ataijaribu kwa kuku au kwa paka wa jirani. Fungu la pili ni la kurekebishwa. La tatu ni la kutupwa.

Kipimo cha kumkinga mtoto mdogo ni rahisi: kitu chochote kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya choo kinaweza kumkaba aliye chini ya miaka mitatu, na mbwa wa kadiri atakimeza. Bano zote zinapita. Vifungo vyote vinapita. Macho ya plastiki ya wanasesere yanapita.

Magari ya mawe (betri), yale yaliyokuwa yakiwaka taa nyekundu, yafunguliwe mgongo. Mawe ya tochi yaliyosahaulika humo huvuja na kuacha ukoko mweupe au wa kijani. Siku hizo mengi yalitengenezwa papa hapa Nakuru, kiwandani kwa Eveready, kabla hakijafungwa mwaka 2014. Toa mawe hayo kwa glavu, sugua ukoko kwa mswaki wa zamani na kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, kisha tupa mswaki na kitambaa. Betri zile bapa kama kifungo ndizo za kuogopwa zaidi: mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Ukidhani amemeza, ni hospitali mara moja. Mnyama akimeza, ni kwa daktari wa mifugo mara moja.

Kitu chochote kilichopakwa rangi ya mafuta ya zamani na sasa rangi inabanduka, kichukulie kuwa kina madini ya risasi. Usikipige msasa, kwani vumbi lake ndilo sumu. Kiweke kwenye rafu kama ukumbusho, au kitupe.

Hatua ya 5: Gari la waya

Hapa ndipo pa kutumia alasiri nzima, na ndipo watoto hujifunza zaidi. Gari la waya lililokaa miaka mingi huwa limepinda chasi, limeota kutu, na magurudumu yake ya slipas yamekauka yakapasuka.

Tafuta koleo, msasa, waya mwembamba wa kufungia, slipas kuukuu na mshumaa. Sugua kutu kwa msasa mpaka waya ung'ae, ufute, kisha upitishe mshumaa huku na huku ili nta ibaki juu yake. Nta huzuia kutu kurudi, na mbwa akiramba haimdhuru. Grisi na oili chafu za gereji usitumie.

Nyoosha chasi juu ya ubao kwa kugonga taratibu. Mahali waya mbili zinapokutana, ondoa uzi wa zamani ufunge upya kwa waya mwembamba, mizunguko sita au saba iliyobanana, halafu ncha uikunje kwa koleo iingie ndani ya mzunguko. Pitisha kidole kila mahali. Ukichomwa wewe, atachomwa mtoto jichoni na mbwa kwenye ufizi. Kila ncha iliyo wazi ikunjwe iwe kijiduara.

Kwa magurudumu, weka kifuniko cha mkebe wa Kimbo juu ya slipas, chora kwa kalamu, kata kwa kisu chenye makali ukizungusha slipas badala ya kisu. Toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Tundu liwe kubwa kidogo kuliko ekseli ili gurudumu lizunguke. Zamani tulizuia magurudumu yasichomoke kwa kifuniko cha soda. Mbwa hukimeza hicho, kwa hiyo kunja ncha ya ekseli iwe kijiduara kipana, inatosha. Mabaki ya slipas yaokotwe yote. Sponji hiyo ikiingia utumboni mwa mbwa huziba njia.

Mwisho ni ule mti mrefu wa stelingi. Mtoto asimame wima, stelingi ifike usawa wa kitovu chake. Ukiwa mfupi atainama na gari litamgonga visigino. Ukiwa mrefu halipigi kona. Ringi ya stelingi ifungwe kitambaa cha pamba, kwa sababu waya baridi asubuhi hung'ata vidole.

Hatua ya 6: Mpira na mwanasesere

Mpira wa juala hautengenezeki tena kama zamani, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Ukiukuta katonini, usimwachie mbwa: atauchambua na kumeza juala vipande vipande. Tengeneza mwingine wa matambara. Bana soksi kuukuu ndani ya soksi nyingine, zungushia vipande vya fulana hadi upate ukubwa unaotaka, kisha shona gamba la jinzi juu yake kwa mshono wa karibu karibu. Ukiwa wa mbwa pia, uwe mkubwa kuliko kinywa chake akikipanua. Ukianza kufumuka, unaondolewa siku hiyohiyo.

Kamba ya katani tuliyofungia mipira ya zamani, na sufu ya kufumia, ni adui wa paka. Ulimi wake una miiba inayoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishaingia hawezi kuutema. Akimeza uzi, utumbo hujikunja na kukatwa. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute, muone daktari. Mchezo wa kamba na paka uchezwe ukiwa umeishika kamba wewe, na ukimaliza unaifungia kabatini.

Mwanasesere wa nguo afumuliwe mgongo, pamba ya zamani itolewe, aoshwe, aanikwe, ajazwe upya kwa matambara safi. Macho ya vifungo yatolewe. Tarizi macho kwa uzi mweusi.

Hatua ya 7: Alasiri ya mvua

Kwa mbwa, chukua trei ya mayai ya karatasi, tia vipande vya omena kwenye vishimo, funika kwa trei nyingine. Atashughulika kuipekua na kuichana, na mwili wake utapata joto. Kusanya karatasi baadaye. Paka mpe karatasi iliyokunjwa mviringo na katoni tupu, hahitaji zaidi. Watoto waendeshe gari la waya koridoni, wacheze brikicho, na bano zichezewe mezani juu ya leso ili zisidondoke, zihesabiwe kabla na baada.

Wafundishe watoto kumwacha mbwa anapokula, anapolala, na akiwa na kichezeo kinywani. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipigwe kila mwaka, kwa mbwa na paka. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huo ifikapo 2030, na lengo hilo linaanzia kwenye kadi ya chanjo ya mbwa wako. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali hata kama mbwa ni wenu.

Hatua ya 8: Septemba, kabla ya kuhifadhi

Shule zikifunguliwa na jua likirudi, toa matandiko yote ya kibandani, yachome au yatupe mboleani, sugua kibanda kwa sabuni na ukiache wazi kutwa nzima. Kagua matofali kama yamezama. Gari la waya lipakwe nta tena, lining'inizwe ukutani, lisirudi katonini. Bano ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha. Vitu vya nguo viingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, maana katoni ndiyo iliyowakaribisha panya mwanzoni. Mpira wa matambara usiuhifadhi: hata ukiwa mzima, mate ya mbwa yatauozesha. Utupe, na utengeneze mwingine Juni.